Dakika Arobaini Hewani

Lorine alipotangaza kwamba Jumapili angewapeleka wazazi wake Furaha Land, ile bustani mpya ya bembea na mashine za kuchezea kule upande wa Lang'ata, hakuna aliyesema asante. Baba yake, Wekulo, aliweka kikombe cha chai chini na kuuliza ni nani analipa. Mama yake, Nabiswa, alimtazama binti yake tumboni, akatazama pembeni, kisha akamtazama tena tumboni.

"Nalipa mimi," Lorine alisema. "Kwani ni vibaya mtoto kuwatoa wazazi wake?"

"Ututoe utupeleke wapi?" Wekulo aliuliza. "Hapa tulipo kuna shida gani?"

"Kuwatoa out, buda," Vivian alidakia. Huyu alikuwa mdogo wake Lorine, wa kidato cha pili, na likizo ya Aprili ilikuwa imemzidishia ulimi. "Kina Tiffany walitoa mathee wao juzi. Alipanda kila kitu. Ni poa."

"Nani buda? Nimekuwa rika lako?"

"Pole, baba."

Mwaka huo wa 1996 watu wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, walijua vizuri jinsi mtoto mwenye kazi anavyowashukuru wazazi. Anawanunulia blanketi. Analeta unga na sukari. Akibarikiwa zaidi, anamwezekea mama nyumba ya mabati huko nyumbani. Lakini kumlipia mzee wa miaka hamsini na mitatu akabembezwe kama mtoto wa chekechea? Jambo la namna hiyo halikosi sababu. Ningekuwa Wekulo, hata mimi ningeshuku.

Tatizo ni kwamba nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa na siri nyingi kuliko vyombo. Ya kwanza ilikuwa ya Wekulo mwenyewe. Kiwanda cha magodoro alikofanya kazi miaka kumi na tisa kilikuwa kimepunguza watu mwezi wa Januari, naye alikuwa mmoja wao. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa koti lake la kazi, akachukua chakula alichofungiwa, akatoka saa kumi na mbili unusu, na jioni akarudi akilalamikia mgongo. Siri ya pili ilikuwa ya Nabiswa: alijua. Ya tatu ilikuwa ya Lorine, na hiyo ndiyo iliyowapeleka bembeani.

*

Furaha Land ilikuwa na lango la rangi saba na foleni ya watu waliovaa kama wanakwenda arusi. Wekulo alikuja na tai. Alisimama mbele ya dirisha la tiketi akausoma ubao wa bei mara mbili.

"Yaani mnatulipisha kuingia, halafu mnatulipisha kucheza?" alimwuliza msichana wa tiketi. "Huko ndani kuna kitu cha bure?"

"Kuna choo, mzee," msichana alijibu bila kuinua macho, na foleni nzima ikacheka.

Lorine alilipa haraka ili mambo yaishe. Msichana wa tiketi alihesabu chenji akamkabidhi Wekulo, kwa kuwa ndiye mwanamume, naye Wekulo ikambidi ageuke ampe binti yake mbele ya watu. Ni kitendo cha sekunde mbili tu. Lakini kwa mtu ambaye hajapokea mshahara tangu Januari, sekunde mbili hizo zilimchoma, na akaingia langoni akiwa amekunja uso.

Ndani Nabiswa alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Vijana walipita na suruali pana zinazofagia chini na kofia zilizogeuzwa nyuma. Msichana wa rika la Vivian alikuwa amekaa mapajani mwa mvulana, wakilamba aiskrimu moja kwa zamu, na hakuna mtu mzima aliyewakoholea. Spika zilipiga muziki ambao ulikuwa kelele tupu.

"Wazazi wa hawa wako wapi?" Nabiswa aliuliza.

"Si ndio wale wako juu," Vivian alisema.

Kweli walikuwa juu. Kwenye mashua kubwa ya chuma iliyokuwa ikibembea, mama wa makamo aliyevaa suruali alipiga ukemi huku watoto wake wamesimama chini wakishika mbavu kwa kicheko. "Mathee, shika! Utaanguka!" Nabiswa alimtazama kwa muda. Zamani watoto walicheza na wazazi wakatazama, tena kwa jicho moja, maana kazi zilikuwa nyingi. Hapa wazazi ndio waliocheza, na watoto ndio waliotazama. Aliona aibu kwa niaba ya yule mama, halafu, jambo lililomkasirisha zaidi, akamwonea wivu kidogo.

Wekulo alikataa kupanda chochote. Alijitafutia benchi, akajitolea kulinda mikoba. "Mahali penye watu wengi hivi hapakosi mikono mirefu," alisema. Akakaa na mikoba mitatu ya wanawake mapajani, akimshuku kila aliyepita.

Nabiswa naye alikuwa na wa kumshuku. Lorine alikuwa akitazama lango kila baada ya dakika.

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, mama. Njoo tupande gurudumu. Hilo ni la polepole, hata nyanya wanapanda."

Lorine alisema uongo. Alikuwa akimngoja Kimani Gachanja, fundi wa stima na nyaya za umeme kutoka mtaa wa Ziwani, kijana wa miaka ishirini na saba aliyetaka kumwoa. Mpango ulikuwa mwepesi: wazee wacheze, wachangamke, halafu saa saba wakiwa kwenye kuku na soda Kimani atokee kama rafiki, asalimie, aonekane ana adabu. Wakishampenda ndipo waambiwe. Ni mpango mzuri kwa mtu anayedhani wazazi ni wateja. Isitoshe, Kimani alikuwa amechelewa.

*

Gurudumu lilikuwa refu kuliko minazi, na lilining'iniza vikapu vya chuma vyenye viti viwili viwili. Lorine na Vivian waliingizwa kikapu kimoja kabla hawajafungua mdomo. Nabiswa akabaki peke yake.

"Mmoja hapandi, mathee! Anaharibu balansi!" kijana wa mashine alipaza sauti. "Nani yuko single hapo nyuma? Wewe wa shati la bluu, kuja!"

Wa shati la bluu alikuwa Kimani. Alikuwa amefika mbio, akaliona gauni la manjano la Lorine mbele ya foleni, akajipenyeza ili amfikie. Sasa alisukumwa kitini kando ya mama mmoja mwenye leso kichwani, chuma kikafungwa mbele yao, na gurudumu likaondoka. Hawakuwa wameonana tangu wazaliwe.

Walipofika kileleni stima zilipotea. Muziki ulikatika, mashua ikapunguza mwendo, na kikapu chao kikasimama hapo juu kikiyumba. Nabiswa alimdaka kijana mkono akaubana.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Ni stima tu. Watawasha jenereta."

"Unajuaje?"

"Mimi ni fundi wa stima."

"Basi shuka ukatengeneze."

Kimani alicheka, naye Nabiswa, bila kutaka, akacheka pia. Jenereta ilikohoa huko chini ikanyamaza. Dakika kumi zikapita. Kijana alitoa pakiti ya njugu mfukoni, wakala. Nabiswa akaona kwamba si watoto wote wa siku hizi wameharibika, akaanza kuongea, kwa sababu akinyamaza alikuwa anatazama chini.

"Yule wa manjano, kikapu cha tatu huko chini, ni msichana wangu. Ana mwanamume na anatuficha. Mimi si mjinga. Dalili ya mvua ni mawingu."

Njugu zilimkwama Kimani kooni. Ndipo alipojua amekaa na nani.

"Labda ni mtu mzuri, mama."

"Mtu mzuri huingia kwa mlango. Huyu anapitia dirishani."

Hapo ndipo Kimani angesema. Alifungua mdomo, kweli. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshikwa, futi sitini hewani, na akaogopa kuachiliwa. Akajiambia atasema wakishuka. Wanaume wengi wazuri wamejiharibia kwa kungoja washuke.

Nabiswa naye alikuwa ameacha kumtazama Lorine. Alikuwa akimtazama mumewe kwenye benchi, mdogo kama mtoto, na mikoba yake mapajani. Machozi yakamtoka ghafla.

"Unamwona yule mzee wa tai? Ni mume wangu. Alifutwa kazi Januari. Hajaniambia. Mke wa Mulwa, mwenzake wa kiwandani, aliniuliza kanisani tunaishije tangu wafutwe, na mimi nikasema tunamshukuru Mungu, kana kwamba ninajua. Kesho yake nikamfuata. Anakwenda Jeevanjee Gardens, anakaa kwenye nyasi anasikiliza wahubiri mpaka saa kumi na moja. Chakula ninachompikia anakila huko, amegeuzia watu mgongo. Pesa walizompa anazileta nyumbani kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, aseme ni mshahara."

"Mbona usimwambie unajua?"

"Nimwambie ili abaki na nini?" Alijipangusa kwa leso. "Wewe umekuwa wa kwanza kusikia. Sijamwambia pasta, sijamwambia hata dada yangu."

"Sitasema popote, mama. Naapa."

"Useme wapi? Kwani unamjua nani?"

Kimani aliingiza vidole kwenye pakiti. Njugu zilikuwa zimeisha. Jenereta iliwaka baada ya dakika arobaini, na gurudumu likawateremsha taratibu.

Lorine alikuwa ameshatangulia kushuka. Alipowaona wanatoka kikapu kimoja, mama yake amemshika Kimani mkono ili asijikwae, alipiga makofi kwa furaha.

"Ai! Kumbe mmeshajuana! Mama, huyu ndiye Kimani. Ndiye nilitaka umwone leo."

Nabiswa aliuachilia ule mkono kana kwamba umewaka moto. Kwao Bungoma, mama hamshiki mkono kijana atakayemwoa bintiye. Hawakai kiti kimoja. Hawali wakitazamana. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, na hiyo si chuki bali ndiyo heshima yenyewe. Yeye alikuwa amekaa naye paja kwa paja, amekula naye njugu kwenye pakiti moja, amemlilia begani. Na kama hayo hayatoshi, amemvua mume wake nguo mbele yake. Alijifunika uso kwa leso, akageuka, akatembea mpaka kwenye benchi bila kuangalia nyuma. Kuku hakuonja. Kimani, ambaye kwao Murang'a mama mkwe husalimiwa kwa mikono miwili, alibaki amesimama akijiuliza amekosa nini zaidi ya lile alilojua amekosa.

"Mlikuwa mnaongea nini na yule kijana muda wote huo?" Wekulo aliuliza. "Nilikuwa nawaona."

"Stima," Nabiswa alisema.

*

Jioni ile Wekulo na Vivian walipokwenda kwa jirani kutazama habari, Nabiswa alimfuata Lorine jikoni.

"Ulimtuma."

"Nilimtuma nini?"

"Ulimtuma akae na mimi anichimbe. Ulipanga na yule mwenye mashine."

"Mama! Stima pia nilizizima mimi?"

"Siku hizi mnaweza yote. Ulijua ni marufuku. Ulizaliwa wapi, Ulaya? Ulitaka niikanyage mila kwanza ili nisiwe na mdomo wa kukataa."

"Kimani ni Mkikuyu, hayo hayajui. Na mimi nilisahau, mama. Kweli nilisahau." Lorine alianza kulia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. "Wasichana wa rika langu wanaondoka na begi usiku, wazazi wanaambiwa na majirani. Mimi nimewaleta mumwone. Ningetaka kuwadharau ningewalipia kiingilio?"

Nabiswa alitaka sana kuuliza kama kijana amemwambia lolote, lakini kuuliza kungekuwa kusema. "Anaongea sana, huyo rafiki yako?" akajaribu.

"Kwa nini? Alikwambia nini?"

"Hakuna."

Basi kuanzia siku hiyo mama na mtoto wakawa wanapelelezana. Lorine akicheka, Nabiswa alisikia anamcheka baba yake. Lorine akimwongezea baba yake nyama, Nabiswa aliona ni huruma ya mtu anayejua. Lorine hakujua chochote. Kimani alikuwa ameapa, na kiapo chake alikuwa amekishika kwa meno. Lakini uende ukamwambie hivyo mwanamke aliyetoa siri ya nyumba yake kwa pakiti ya njugu.

*

Kina Gachanja walikuja kuposa Jumamosi ya mwisho ya Mei, wazee watatu, Kimani mwenyewe na mama yake, Nduta, pamoja na kreti mbili za soda. Makokha, kaka mkubwa wa Wekulo, alikuja kutoka Makongeni kuwa msemaji. Nabiswa alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama ilivyompasa. Lorine alikaa karibu na baba yake, na Vivian ndiye aliyebeba sinia.

"Mama wa msichana yuko wapi nimsalimie?" Nduta aliuliza.

"Yupo, anasikia," Makokha alisema. "Kwetu mama haonani na kijana wa namna hii. Ni heshima."

"Lakini wameshaonana, si walipanda gurudumu pamoja?" Nduta alicheka, na alipoona hakuna anayecheka naye, akanywa soda. Nyuma ya pazia Nabiswa alitamani sakafu impasukie.

Makokha alijua kulainisha maneno. Alimsifu msichana na shule yake, kisha akahamia kwa nduguye. "Huyu mnayemwona ni mtu wa kazi. Miaka kumi na tisa kiwanda kimoja. Nairobi hii mnaweza kunionyesha wangapi?"

"Kiwanda gani?" aliuliza Mzee Gachanja, baba yake Kimani.

"Cha magodoro."

Gachanja alipiga goti lake. "Kumbe! Na mimi nauza vitanda pale Gikomba! Mzee, Mungu ametuunganisha. Wewe unaweza kunipatia magodoro kama ishirini kwa bei ya ndani? Hata Jumatatu nakuja na pikapu, nakupata langoni."

"Hiyo ni kitu kidogo," Makokha alisema kwa niaba yake.

Wekulo alilegeza tai. "Nitaongea na wakubwa," alisema. "Jumatatu labda si nzuri. Kuna mambo ya stoo."

"Basi Jumanne. Nitauliza mtu wa lango aniitie Wekulo, si wanakujua?"

"Wananijua. Lakini Jumanne..."

"Baba, wacha mambo ya magodoro," Kimani alisema.

"Kwa nini niwache? Tunaongea biashara."

"Wacha tu, baba. Tafadhali."

Alisema haraka mno, na baada ya kusema akainamisha kichwa. Wekulo hakuwa mtu wa kupitwa na kitu kama hicho. Alimtazama Lorine: uso wa msichana ulikuwa unauliza kama wake. Akamtazama kijana tena, akaona masikio yamemwiva. Huyu anajua. Na kama anajua, ni nani aliyemwambia? Alizihesabu dakika zile arobaini alizokaa kwenye benchi akitazama juu, na neno moja alilojibiwa, na miezi minne ya asubuhi alizoamshwa, akaandaliwa maji ya kuoga, akaambiwa kazi njema.

Aligeukia pazia.

"Mama Lorine. Mliongea nini kule juu?"

"Ndugu yangu," Makokha alinong'ona, "huko hakuongeleshwi saa hizi. Wakwe wako hapa."

"Nabiswa, ulijua?"

Chupa ya soda ilikuwa imeinama kwenye sinia la Vivian na hakuna aliyeishika.

"Nilijua," sauti ya ndani ilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Mwezi haukuwa umeisha."

"Na ukanyamaza."

"Ulitaka kunyamaziwa, Baba Lorine. Nikakunyamazia."

Wekulo alisimama. "Wageni, ndugu yangu amewadanganya, lakini si makosa yake, nilimdanganya kwanza. Sina kazi. Huyu msichana ana kazi, mimi sina. Magodoro sina hata moja isipokuwa lile ninalolalia. Kama mlitaka kujiunga na nyumba yenye jina, hii siyo. Mkitaka kuondoka, sitawashika."

Lorine alifunika mdomo kwa kiganja. Makokha alitazama dari. Mzee Gachanja alimaliza soda yake yote kwanza, akaiweka chupa kwenye kreti.

"Sisi tulikuja kwa ajili ya msichana," alisema. "Kiwanda hatukuwa na mpango wa kukioa. Kaa chini, mzee, unatuchosha shingo."

Wekulo hakukaa. Kuondoka kwao alikuwa amejiandaa nako tangu Januari, kwa namna moja au nyingine. Kubaki kwao hakuwa amejiandaa nako, na hakujua aweke mikono wapi. Nyuma ya pazia Nabiswa alianza kulia, kwa sauti, bila kujali tena ni mkwe gani anamsikia. Mwenyeji hawaachi wageni peke yao, hasa wageni wa namna hiyo. Wekulo aliwaacha. Aliinua pazia akaingia kwa mkewe.